Alama F3
Mkesha wa Pasaka tanuri letu la umeme lilikataa kuoka mikate. Kiooni iliwaka alama F3. Tulichomoa waya wa umeme, tukangoja dakika tano, tukauchomeka tena. Alama ilifutika, kisha ikarudi. Ndipo tukafungua kitabu chake: kipima joto hakitoi habari. Fundi alikuta waya wake umelegea, akaukaza. Tanuri halikuwa na ukaidi. Halikujua tena kiasi cha joto, likajizima lisije likaunguza.

Usiku ule tulimkumbuka ndugu yetu tuliyekosana naye. Mwaka mzima dhamiri ilitushitaki, nasi tuliinyamazisha tu. Asubuhi, kabla ya Misa, tulimwendea kuomba msamaha. Vijana, dhamiri ikiwaka, msiizime, isomeni.