Futi Kumi na Mbili

Ngoingwa haina ziwa. Tuna nyumba za mawe, geti nyeusi, matenki ya maji juu ya paa, na barabara ya Mang'u yenye bodaboda zisizoogopa mtu. Kwa hivyo mzee alipotangaza kwamba pesa yake ya kustaafu, ile iliyobaki baada ya kulipa madeni na kubadilisha mabati, itanunua boti, majirani waliipokea habari hiyo kama ya mzee aliyeanza kuvaa jeans za kubana. Walicheka kwa heshima, kisha wakangoja aache.

Hakuacha. Na kwa sababu mimi ndiye mtoto ninayeishi karibu na mwenye bando la uhakika, nilipewa kazi ya kumsaidia kuchagua. Ilituchukua miezi minne. Nilidhani tunachagua chombo cha kuvulia samaki.

Maji yapo, ukijua pa kuyatafuta. Thika imekaa kati ya mito miwili, Chania na Thika, lakini hiyo ni mito ya mawe na maporomoko, si ya boti. Ndakaini iko juu kule Gatanga, bwawa lililokamilika 1994, lenye uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70, lakini hayo ni maji ya kunywa ya Nairobi, huwezi tu kujitupa na ndoano yako. Masinga ni mbali kidogo, unapitia Matuu, na ni pana kama bahari ukiwa umezoea ndoo. Kisha kuna mabwawa madogo ya mashamba ya kahawa, kuanzia huku hadi Ruiru, yaliyochimbwa zamani kwa ajili ya kumwagilia na kuosha kahawa. Mengine yameuzwa pamoja na mashamba yakawa mandhari ya estate. Mengine bado yapo, yana tilapia na kambare, na mwenyewe akikujua anakuruhusu. Rafiki ya mzee ana ruhusa kwenye moja. Hilo ndilo lilianzisha haya yote.

Mathe alisema samaki wako sokoni, wamekwisha parwa magamba. Cucu, mama ya mzee, angesema zaidi. Wagikuyu wa kale hawakula samaki, na Cucu alikufa bila samaki kuguswa na sufuria yake. Mzee alijifunza kula samaki kiwandani, kwenye kantini, akiwa fundi wa mashine. Kwa miaka thelathini na kitu alishika vyuma hapa Thika. Ukimpa kipande cha bati gizani atakuambia ni bati gani kwa kukipiga ukucha.

Lakini hakuwa anataka boti kwa sababu ya samaki. Hiyo niliijua mwezi wa pili, tukiwa kwenye matatu tukitoka kuangalia boti moja Ruiru.

Alikuwa mvulana wa miaka kumi hivi, miaka ya sitini, babake akifanya kazi kwenye shamba la kahawa. Mwenye shamba alipenda kuwinda bata. Asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya bwawa, alikuwa anakaa ndani ya boti ndogo iliyofichwa kwenye matete na bunduki yake. Bata walioanguka kwenye maji walihitaji mtu wa kuwafuata. Mzee na mvulana mwingine ndio waliokuwa wakiingia, maji ya baridi mpaka kifuani, magugu yakiwashika miguu, wakirudi na bata mikononi na ruba kwenye mapaja. Senti hamsini kwa asubuhi nzima.

"Na boti?" nikamuuliza.

"Boti ilikuwa ya mwenyewe. Sisi tulikuwa tumelowa, tungeichafua."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya sukari ya zamani. Kisha akaongeza kwamba boti ile ilikuwa ya bati jeupe lisiloshika kutu, na ukiigonga kwa bahati mbaya ililia kama kengele na mwenye shamba aligeuka kukuangalia. Ni baadaye sana, akiwa fundi, ndipo alijua jina la bati lile. Alumini.

Wakati huo nilikuwa nimesoma sana kuhusu boti hizi mtandaoni. Huko Marekani ni kitu cha kawaida kabisa: boti ya alumini ya futi kumi hadi kumi na nne, chini bapa, imepakwa rangi ya matope, mtu anaenda nayo kuwinda bata msimu wa baridi na kuvua msimu wa joto. Grumman, kampuni iliyotengeneza ndege za kivita, iliingia kwenye mitumbwi ya alumini Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikiisha, kwa sababu tayari walijua kukunja bati lile. Katika picha nyingi kuna mbwa amekaa mbele ya boti. Kazi yake ni kuruka majini na kuleta bata aliyepigwa. Niliziangalia picha zile tofauti baada ya safari ya Ruiru. Sikumwonyesha mzee.

Basi tukachagua. Mbao tuliiacha mapema. Boti za mbao za Ziwa Victoria ni nzuri, lakini zinataka kuzibwa nyufa na kupakwa rangi kila mara, na ni nzito kwa watu wawili. Faiba ni laini na haina kelele, ila ikikutana na jiwe inapasuka. Alumini ikikutana na jiwe inabonyea, kama sufuria iliyoanguka, na maisha yanaendelea. Uzito wake ni karibu theluthi moja ya chuma. Haihitaji rangi kwa sababu hewa yenyewe huivalisha ngozi nyembamba inayoilinda. Ubaya wake mzee aliutaja bila kusoma popote: inachoma matako juani, inapiga kelele kila unapoangusha kitu, na haipendi kukaa majini ikigusana na shaba. "Hata senti kumi ya zamani, ile ya tundu," alisema, "ukiiacha imelala chini ndani ya maji itakula shimo."

Boti ya kwanza, ile ya Ruiru, ilikuwa ya ribiti, imepakwa rangi mpya ya kijani. Muuzaji alikuwa msee mchangamfu mwenye maneno mengi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba mpira wa maji. Badala ya kuiweka boti ndani ya maji, aliweka maji ndani ya boti. Tukainua mbele kwa matofali, tukangoja. Baada ya dakika kumi mzee akapiga magoti na kuanza kuhesabu matone chini yake. Ribiti sita zilikuwa zinalia. Karibu na nyuma, pale injini inapofungwa, rangi mpya ilikuwa imefunika ufa. Muuzaji alisema hiyo ni kitu kidogo, fundi yeyote wa welding atamaliza. Mzee akamuuliza fundi huyo ana gesi ya argon? Msee akanyamaza.

Njiani alinieleza. Ngozi ile inayolinda alumini huyeyuka kwa joto la zaidi ya digrii 2,000, na alumini yenyewe huyeyuka kwa 660. Fundi wa kawaida mwenye mashine ya vijiti akilazimisha, alumini ya chini inamwagika kabla ngozi ya juu haijalainika. Anakuachia shimo mahali palipokuwa na ufa.

Ya pili ilikuwa Naivasha na ndiyo niliyoipenda. Futi kumi na nne, chini yake imechongoka kama herufi V, imeunganishwa kwa kuchomelewa, na mahali pa injini ya nguvu. Boti ya namna hiyo hukata mawimbi badala ya kuyapiga kofi. Nikamwambia mzee hii itatufikisha Masinga, tutavua katikati kabisa. Aliizunguka mara mbili. Akashika pembe ya mbele, akaniambia nishike nyuma, tukainua. Aliishusha baada ya hatua tano na kusimama akijifanya anaangalia ziwa. Nilisikia anavyopumua. Ana presha, na dawa anazimeza pamoja na chai ya asubuhi kama mtu anayetimiza wajibu wa mtu mwingine.

Nikasema tutanunua trela. Akasema trela inataka gari la kuivuta, gari linataka mafuta, injini inataka mafuta, na Masinga ina viboko na mamba. "Unanichagulia boti ya mtu wa miaka arobaini," alisema. Nikaelewa kwamba kila futi tuliyokuwa tukibishania ilikuwa ni hesabu ya miaka. Mimi nilikuwa nang'ang'ania futi kumi na nne kwa sababu sikutaka afike mahali pa kutaka kumi na mbili.

Mathe naye alikuwa na hesabu zake. Kakake mdogo, mjomba ambaye sikuwahi kumwona, alizama kwenye shimo la kuchimba mawe upande wa Juja, yale mashimo ambayo mvua huyajaza na watoto huyaona kama swimming pool. Mathe hajui ribiti wala argon. Alitaka kujua kitu kimoja: ikijaa maji, inazama?

Ni swali zuri kuliko yangu yote. Alumini ikijaa maji huzama kama sufuria. Kinachoizuia ni povu gumu linalowekwa chini ya viti, na povu hilo likizeeka hunywa maji likawa mzigo. Kwa hivyo boti ya tatu tulipoiona, kwenye uwanja wa mtu Juja, kuku wametaga ndani yake, kitu cha kwanza mzee alichofanya ni kufungua viti. Povu lilikuwa kavu. Akampigia mathe simu hapo hapo, akamwambia, "Haizami. Nimeona kwa macho." Mathe akasema jaketi za kuokoa maisha zinunuliwe kabla ya boti, na asiwahi kuingia peke yake. Mzee akajibu ndio, na ndio, mbele ya mwenye kuku.

Hiyo ya Juja ni futi kumi na mbili, chini bapa, imechomelewa, haina ribiti. Kilo sitini hivi. Watu wawili wanaibeba, hata kama mmoja ana presha. Inaelea kwenye maji yasiyofika magoti, inapita juu ya magugu, na unaweza kusimama kurusha ndoano bila kuyumba sana. Upepo ukipanda, kuta zake fupi zitakaribisha maji, kwa hivyo Masinga haiendi. Ni boti ya bwawa dogo asubuhi isiyo na upepo. Tulilipa, tukawaachia kuku nyasi zao.

Nilimuuliza kuhusu bata. Nilidhani pengine anataka kukaa pale alipokaa mwenye shamba. Nikamkumbusha kwamba uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikakaza zaidi. Aliniangalia kama nimemtukana.

"Nani amesema nataka kuwaua? Nimewabeba wengi wakiwa wamekufa. Shingo zinaning'inia hivi." Akalegeza mkono. "Sijawahi kuwaangalia wakiwa wazima, kwa karibu, bila haraka."

Bado wapo. Kwenye bwawa la rafiki yake kuna wale wa mdomo wa manjano, na bata bukini wanaotembea ukingoni kama maaskari jela, na msimu mwingine wale wa uso mweupe wanaopiga mbinja wakiruka. Kila Januari wataalamu na watu wa kujitolea huhesabu ndege wa majini katika maziwa na mabwawa ya nchi hii. Nilimwambia mzee kwamba kuna watu wazima wenye kazi zao wanaoamka alfajiri kuhesabu bata. Akauliza wanalipwa? Nikasema wengi hawalipwi. Akacheka sana. Kisha akaniagiza darubini.

Sasa boti iko nyuma ya nyumba, imepinduliwa juu ya matairi mawili. Mzee ameipaka rangi ya matete makavu na kutandika zulia kuukuu sakafuni, kuzuia kelele. Majirani wamechoka kucheka. Mmoja ameuliza kama inakodishwa.

Jana nilimkuta amekaa juu yake na kalamu na risiti ya supamaketi, anapiga hesabu ya mzigo. Bati dogo nyuma ya boti linasema kilo 240, na mzee ni mtu wa kufuata maandishi ya mashine. Alikuwa ameandika yeye 81, mimi 70, kasia, nanga na chakula 15. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine wenye 68, bila jina.

"Hiyo ni ya nani?"

Akaelekeza kalamu jikoni. Mathe alikuwa dirishani anachagua mchele, na masikio yake ni mazima kuliko ya sisi wote.

"Sitini na nane ulitoa wapi?" akauliza. "Mimi ni sitini na tano."

Mzee akafuta, akaandika upya, akajumlisha. 231. Bado tuko ndani.