Magauni Matano, Usiku Mmoja



Leo nimekuja na hisabati, msinikimbie. Mimi mwenyewe niliishia kidato cha nne, kisha nikasomea ushonaji.

Mfunguo mosi uliopita nilipokea magauni matano ya harusi kwa wiki moja. Niliacha usiku mmoja wa marekebisho, unaotosha gauni moja tu. Yakarudi mawili: moja kiuno kipana, jengine linabana kifuani. Yule wa pili alikaa amepambwa, hina imekolea, wageni wamefika, gauni halijaja. Lilifika baada ya alasiri. Hakunitukana, alilia tu. Nikamwambia, "Ndiyo qadar ya Mungu, mdogo wangu." Neno hilo likanikaa kooni.

Siku chache baadaye mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha sita, alikuwa akifanya kazi ya skuli mezani kwangu. Akaniuliza, "Mama mdogo, kwani nguo ngapi hurudi?" Nikafungua daftari langu la wateja, tukahesabu: katika kila tano, moja. Akasema, "Basi hiyo ni binomia."

Akanieleza hivi. Magauni yanayorudi huhesabiwa moja moja: 0, 1, 2, mpaka 5. Hakuna gauni moja na nusu kurudi. Kila gauni lina mambo mawili tu, kurudi au kutorudi. Uwezekano wa kurudi ni 0.2, wa kutorudi 0.8. Yasirudi yote matano, unazidisha 0.8 mara tano, unapata 0.33. Lirudi moja tu, linaweza kuwa la kwanza, la pili, hata la tano. Njia ni tano. Kwa hiyo 5 × 0.2 × 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8, ni 0.41. Yakirudi mawili njia ni 10, na jibu ni 0.20.

Tuseme wiki 100 kama ile: wiki 33 halirudi hata moja, 41 linarudi moja, 20 yanarudi mawili, 5 matatu, na kama wiki moja hivi zaidi ya hapo. Ndugu zangu, nilishika kichwa. Kwa usiku wangu mmoja, karibu kila wiki nne ningemliza bibi harusi mmoja. Nikiacha nafasi ya magauni mawili, nitakwama chini ya wiki 6 katika 100.

Hizo namba za njia, 1, 5, 10, 10, 5, 1, zimo katika jedwali linalonasibishwa na Al-Karaji, aliyefanya kazi Baghdad yapata miaka 1,000 iliyopita. Jacob Bernoulli wa Uswisi akazitumia kupimia uwezekano katika kitabu kilichochapwa 1713, baada ya kufa kwake.

Lakini mtoto alinitahadharisha. Hesabu hii inataka kila gauni lisimame peke yake. Sare za ndugu sita nilizozikata kwa kipimo kimoja hazimo: nikikosea moja, nimekosea zote.

Na haijui ghaibu. Haiwezi kuniambia ni gauni la nani litakalorudi. Hilo analijua Mola peke yake. Inaniambia tu nijiandae kiasi gani. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza yule mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha atawakali. Mimi nilikuwa natawakali na kamba nimeishika mkononi. Nilisema "insha Allah" pahala pa kuhesabu, na lilipoharibika nikaitupia qadar uzembe wangu. Kazi ya mtu ni amana.

Siku hizi sipokei zaidi ya magauni matano kwa wiki, na naacha usiku mbili. Mapato ya msimu yamepungua kidogo, usingizi umeongezeka. Nawe bibi harusi, muulize fundi wako: "Likirudi, utalirekebisha lini?" Akijibu insha Allah bila ya siku, muulize tena.

Yule binti nilimrudishia ujira wangu wote na nikamwomba radhi, mara hii bila ya kumtaja Mungu kwa kosa langu. Amenisamehe, alhamdulillah. Ile alasiri yake sina wa kumrudishia.