Mji wa Haddington na Kanisa Lake

Haddington ni mji mdogo wa soko katika nchi ya Uskoti, mwendo wa maili kama 17 kutoka Edinburgh, upande wa mashariki. Mashamba yauzungukayo yana rutuba, na tangu zamani wakulima walileta nafaka zao kuuza hapo. Mto Tyne wapita kando yake, nao wenyeji huupenda na kuuogopa: mwaka 1775, na tena Agosti 1948, maji yalifurika yakaingia majumbani.

Lakini la kustaajabisha zaidi ni kanisa la Mtakatifu Mariamu. Katika vita vya 1548 na 1549 Waingereza waliushika mji, Waskoti na Wafaransa wakawazingira, na kanisa likabomolewa. Baadaye watu walitengeneza sehemu ya magharibi tu, wakaikata kwa ukuta, wakasali humo. Sehemu ya mashariki ilinyeshewa mvua miaka 400. Hebu fikirini: watoto walibatizwa, wakakua, wakazeeka, wala ng'ambo ya ukuta ule hawakuona ila magofu!

Mwaka 1971 kazi ya kuijenga upya ilianza, ikaisha 1973, na ukuta ukaondolewa. Dari mpya si ya mawe, bali ya nyuzi za kioo zilizogandishwa. Lakini atazamaye kutoka chini si rahisi kutambua.