Michezo na Matumaini ya Watoto wa Unyambwa

Msafiri atokaye Dodoma kwa basi, akiisha kuzipita Manyoni na Ikungi, hutambua kuwa mji wa Singida u karibu pale majabali yanapoanza kuonekana pande zote za barabara. Mengine yamelala kama ng'ombe walioshiba. Mengine yamebebana, dogo juu ya kubwa, hata mgeni akashangaa ni nani aliyeyapandanisha. Ndiyo nchi ya Wanyaturu, nchi ya upepo na jua, ambayo mvua zake huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, kisha ardhi ikakauka kwa zaidi ya nusu mwaka.

Unyambwa ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Singida. Neno "manispaa" lisimfanye mkazi wa Kariakoo au Magomeni atazamie magorofa. Manispaa hii ina maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, ambayo huwavuta heroe. Na nje ya mitaa ya maduka kuna mashamba ya uwele, mtama na alizeti, mazizi ya ng'ombe, na kuku wa kienyeji ambao sifa zao zimefika hadi Dar es Salaam. Mtoto wa huku hukua akiwa na mguu mmoja mjini na mwingine shambani, na jambo hilo huonekana waziwazi katika michezo yake.

Mvulana anayechunga hufinyanga ng'ombe wa udongo, naye humpa kila mmoja umbo la pembe analolijua kutoka zizi la baba yake. Mwenzake anayeishi jirani na barabara huunda gari la waya: bodi ya waya uliokunjwa, magurudumu yaliyokatwa katika kandambili zilizochakaa, na usukani wa fimbo ndefu ili dereva aweze kukimbia nyuma yake. Wasichana hucheza rede na kombolela, hupamba magunzi ya mahindi yakawa watoto, na mapema kabisa vidole vyao huanza kujifunza ususi. Wote kwa pamoja huparamia majabali, na mara nyingi hupewa kifaranga wamtunze mpaka awe kuku.

Mtoto akiulizwa, "Mwanangu, ukikua utakuwa nani?", jibu lake hubadilika kila mwaka. Wazazi wengi hulichukulia jambo hili kuwa ni dalili ya kigeugeu. Lakini tukitazama vyema tutaona kuwa ndoto za watoto hufuata yale yanayopita mbele ya macho na masikio yao. Baada ya Uhuru mwaka 1961, nchi ilihitaji makarani na walimu, na mtoto aliyemwona mwalimu akiheshimiwa na kijiji kizima alitaka kuwa kama yeye. Tarehe 2 Februari 1974, Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch, New Zealand, redio iliwapa watoto wa Tanzania sababu mpya ya kukimbia. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikaleta sare ya askari katika michezo yao. Leo mtoto huyohuyo atataja mpira, kwa kuwa uwanja wa Liti umo mjini Singida, au ufundi wa simu, kwa kuwa ameziona mikononi mwa watu wote.

Kwa hiyo ndoto inapobadilika, mtoto hajapotea njia. Upeo wake umepanuka. Ndoto ni mgeni, mchezo ndio mwenyeji. Aliyetaka kuwa dereva akiwa na miaka saba, na daktari akiwa na kumi na mbili, bado ana mikono ileile iliyojifunza kupinda waya.

Hapa ndipo penye jambo zito kwa kila mzazi. Katika maandishi yake ya mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alionya kuwa shule ya msingi isiwe maandalizi ya sekondari tu, kwa kuwa wengi wa watoto hawangefika huko. Tangu wakati ule milango imepanuliwa sana: Elimu ya Msingi kwa Wote ilianza mwaka 1977, na tangu Januari 2016 ada za sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, zimeondolewa. Hata hivyo mtihani ungali mtihani, na wapo ambao majina yao hayasomwi. Kijana aliyefundishwa kuwa thamani yake yote imo katika ndoto moja hurudi nyumbani akijiona si kitu. Kwa binti hali huwa ngumu zaidi, maana jembe na ndoa humsubiri mlangoni.

Lakini yule ambaye wazazi wake waliuheshimu mchezo wake ana mahali pa kuanzia. Aliyeunda gari la waya anaweza kuwa fundi. Aliyetunza kifaranga anajua maradhi ya kuku na bei ya jogoo. Hata mbio za kawaida si jambo la kupuuzwa. Alphonce Simbu, aliyezaliwa mkoani Singida mwaka 1992, alipata medali ya shaba ya marathoni katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017. Akangoja miaka minane mpaka Septemba 2025, alipotwaa dhahabu mjini Tokyo kwa kumshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde. Hakuna Mtanzania aliyepata kuitwaa dhahabu ya mashindano hayo kabla yake. Si kila mtoto akimbiaye atafika Tokyo. Lakini mwaka 2017 na mwaka 2025 vinatufundisha kuwa jambo lipendwalo kwa dhati huvumilia miaka ambayo ndoto peke yake isingeweza kuivumilia.

Ndugu msomaji, wewe unayeishi katika vyumba viwili vya mjini, ambako waya huonekana takataka na kelele za watoto huudhi majirani, usiharakishe kufagia. Muulize mwanao utakavyo atakuwa nani. Jibu lake lichukue kwa tabasamu, kwa kuwa mwakani litabadilika. Kisha mtazame anafanya nini saa ambayo hakuna aliyemtuma. Wazee wa Kiswahili walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na sehemu kubwa ya malezi hayo ni kumwachia nafasi, muda, na kipande cha waya.