Besi na Uvumi

Katika kwaya, mwimbaji wa sauti ya nne hasikiki mpaka anyamaze. Wenye sauti ya kwanza ndio wanaopongezwa baada ya ibada; sisi wa besi tunakumbukwa siku tusipofika, wimbo unapoyumba kama jahazi lililokosa farumi. Nimeimba besi kwa zaidi ya miaka ishirini, na nadhani ndiyo maana Ezio Pinza amenikaa moyoni kuliko wale Waitaliano wenye sauti za juu ambao majina yao yanafahamika hata kwa mtu asiyejua opera ni nini.

Opera, ndugu msomaji, ni tamthilia inayoimbwa, na mwimbaji hana kipaza sauti. Kifua chake peke yake kinapambana na okestra nzima. Kijana mpenzi hupewa sauti ya tatu. Besi hupewa wafalme, makuhani, baba wa bibi arusi, na Shetani mwenyewe. Pinza aliwaimba wote hao. Alizaliwa Rome mwaka 1892, mtoto wa seremala, akakulia Ravenna, na ndoto yake ya kwanza ilikuwa mashindano ya baiskeli. Miguu haikumfikisha mbali, akaenda Bologna kusomea uimbaji. Mwaka 1914 alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika mji mdogo wa Soncino, akiwa kuhani mkuu katika Norma ya Bellini. Mara vita vikaja, akavaa magwanda badala ya joho la kuhani, akakaa jeshini miaka minne. Baada ya hapo njia ilifunguka: La Scala ya Milan chini ya Toscanini, na kuanzia Novemba 1926, Metropolitan Opera ya New York, alikoimba misimu 22.

Nampenda zaidi kwa jambo moja: hakujua kusoma nota. Alikaa na mpiga piano, akasikiliza, akarudia mpaka kazi nzima ikaingia kichwani. Walimu wa muziki wakiambiwa hivyo hukunja uso. Lakini katika kwaya yetu mwalimu huandika sol-fa ubaoni, na wazee wa besi huutazama ubao kwa heshima tu, kisha humtegea jirani sikio. Naam, tuna ukoo naye.

Miongoni mwa watu aliowaigiza yupo Don Basilio, mwalimu wa muziki katika Kinyozi wa Seville ya Rossini, opera iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Rome mwaka 1816. Basilio ana wimbo mmoja mashuhuri, na wimbo wenyewe ni somo la fitina. Anaeleza jinsi ya kummaliza mtu: anza na neno dogo, jepesi kama upepo, litatambaa, litaingia masikioni, litavimba, na mwisho litalipuka kama mzinga. Muziki nao hufanya hivyo hivyo, unaanza kwa kunong'ona na kuishia kwa kishindo. Sisi Waswahili hatuhitaji kufafanuliwa sana. Upepo huvuma, na maneno ya watu nayo tunayaita uvumi.

Machi 1942 uvumi ulimfikia mwenye wimbo wake. Marekani na Italia zilikuwa vitani tangu Desemba 1941. Pinza alikuwa ameomba uraia na ilibaki miezi tu aupate. Maofisa wa FBI walifika nyumbani kwake karibu na New York, wakampeleka Ellis Island, na magazeti yakatangaza kwamba mwimbaji mkubwa ni mgeni wa taifa la adui. Ilidaiwa kwamba alikuwa rafiki wa Mussolini. Kwamba alivaa pete yenye alama ya Wanazi. Kwamba opera zilizorushwa redioni Jumamosi mchana alizitumia kupeleka habari za siri, kwa kubadili mwendo wa uimbaji wake! Mtu unaweza kucheka. Lakini yeye alikaa kizuizini karibu wiki kumi na mbili.

Tuhuma moja haikunichekesha. Ilisemwa kwamba mwaka 1935 alisimamia ukusanyaji wa dhahabu na fedha kwa ajili ya serikali ya Italia, na mwaka huo ndio Italia iliivamia Ethiopia. Mwafrika wa rika lolote akisikia hilo, moyo hugeuka. Mimi ulinigeuka, nikaizima kanda nisiisikilize siku kadhaa. Hata hivyo dai hilo, kama mengine yote, halikupelekwa mbele ya mahakama ya wazi. Pinza alisikilizwa na baraza, bila wakili wa kumtetea na bila kuonyeshwa aliyemshtaki. Baraza la kwanza lilimkatalia; la pili ndilo lililomwachia, Juni, kwa masharti, baada ya mkewe Doris kuhangaika mlango hata mlango. Wapo waliosema chanzo kilikuwa wivu wa mwenzake wa kazi.

Tuna methali isemayo: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wengi huitamka kana kwamba ni hukumu. Katika kwaya niliyoimba zamani, mzee mmoja wa besi, mtunza sanduku, alivumishiwa kwamba amekula fedha za sare. Hakuna aliyemwuliza usoni. Kwenye mazoezi watu waliacha kumsogezea benchi, basi. Nilikuwa nikisimama kushoto kwake, na niliisikia sauti ile ikipungua wiki baada ya wiki, kama taa inayoishiwa mafuta. Stakabadhi ya fundi cherehani ilipopatikana, fedha zote zikiwa zimelipwa, mzee alikuwa amehamia kwa mwanawe, wilaya nyingine. Kitabu cha mahesabu kilisahihishwa. Yeye hakurudi.

Pinza alirudi. Msimu uliofuata alisimama tena Metropolitan mbele ya watu wale wale, akaimba mpaka 1948. Serikali ya Marekani ilichukua muda zaidi: mwaka 2000 ndipo ilipopitishwa sheria ya kukiri dhuluma waliyotendewa watu wenye asili ya Italia wakati wa vita. Pinza alikuwa amefariki Mei 1957, siku tisa kabla ya kutimiza miaka 65.

Aprili 1949, akiwa na miaka 56, aliingia Broadway katika tamthilia ya muziki ya Rodgers na Hammerstein, South Pacific. Alikuwa Emile de Becque, Mfaransa mwenye shamba katika kisiwa cha bahari ya Pasifiki, mgeni ambaye Wamarekani wanamchunguza kwanza ni mtu wa namna gani kabla ya kumpa kazi. Kazi yenyewe ni kujificha nyuma ya adui na kutuma kwa redio habari za meli za Wajapani.

Alipewa tuzo ya Tony kwa kazi hiyo mwaka 1950. Miaka saba tu baada ya Ellis Island, watu wa New York walikuwa wakinunua tiketi ili kumwona Mwitaliano yule yule akipeleka habari za siri hewani, na kumshangilia.