Kovu la Dada

Mpwa wangu alinijia Jumapili na simu mkononi, uso umemkunjuka kama aliyeokota pesa. "Mjomba, nimemsafisha mama." Ilikuwa picha ile ya pekee tuliyo nayo ya dada yangu. Chenga zilizotapakaa shavuni na ukutani kama unga wa muhogo zilikuwa zimetoweka zote, uso umekuwa laini kama yai lililomenywa.

"Na kovu la kidevuni liko wapi?"

"Kovu gani?"

Simlaumu. Mama yake alipofariki alikuwa hajaanza kutembea.

Nyuma ya picha kumeandikwa 2010. Mimi nasema 2011, kwa sababu kitenge alichovaa pichani dada alikinunua baada ya mtoto kuzaliwa. Jirani yangu wa kijiji cha New Congo anaapa ni mapema zaidi. Haya, na iwe.

Aliyeipiga alikuwa fundi mwenye kibanda karibu na soko la Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda: nguzo za mkaratusi, paa na kuta za shitingi nyeupe, kitambaa cha buluu nyuma ya kiti. Ndani kulinuka petroli, mafuta ya samaki waliokaangwa jirani, na koti. Koti lilikuwa moja, jeusi, la kuazimwa na kila mteja asiye na lake, na jasho la watu wote hao lilibaki humo. Fungua albamu za Nakivale za miaka ile uone: wanaume wangapi, koti lile lile, mikono mirefu kwa huyu, mifupi kwa yule.

Jenereta lake lilikuwa la kuchaji betri tu. Ukija jioni alikurudisha: "Njoo saa tatu asubuhi." Saa hiyo alikunja shitingi ya upande wa mashariki, akakuwekea kipande cha bati upande wa kivuli kirudishe mwanga usoni, kamera akaituliza juu ya stuli. Watu walinung'unika. Kamera si ina ISO? Si aipandishe tu?

Alinieleza hivi. Mwanga ni mvua. Tandaza mabeseni uwanjani. Mvua kubwa ikinyesha, yote yatapata maji karibu sawa. Yakidondoka matone machache, hili litapata matatu, la jirani saba. Tofauti hiyo ndiyo chenga. Kupandisha ISO hakuongezi mvua, kunaikuza tu ile tofauti mpaka kila mtu aione.

Mara moja tu nilimwona akifika ISO 1600. Dada alikuwa ameshinda kwenye foleni ya mgao wa chakula, akafika jua limezama, na kesho yake hakuwa na wa kumwachia mtoto. Fundi alipiga, akatazama kioo cha kamera, akachukua nusu ya bei.

Nilimsindikiza fundi Mbarara kusafisha picha, kadi ya kamera imefungwa kwenye nailoni ndani ya mfuko wa shati. Katika duka moja la High Street kijana wa mashine alijitolea kuzilainisha kwenye kompyuta. Fundi akakataa. "Ukisugua sufuria sana utaitoboa." Akaagiza ukubwa wa postikadi, kwani kwenye karatasi ndogo chenga hazisomeki sana.

Baadaye fundi alipata safari ya Marekani, kibanda kikabomolewa, Mbarara ikawa jiji mwaka 2020, kila mtu akawa na simu. Sikatai, simu zina akili. Usiku zinapiga picha kadhaa mfululizo na kuzichanganya: nne za kitu kilichotulia, ukichukua wastani wake, hupunguza chenga kwa nusu. Hilo fundi angelipenda, kwani ni kungoja mvua zaidi. Lakini programu ya mpwa wangu haikuwa na mvua ya kungoja. Ilikuwa na picha moja, haikuweza kujua chenga ni ipi na kovu ni lipi, ikapangusa vyote. Siku hizi naona arusi nzima ina ngozi ya mwanasesere, bibi harusi na bibi yake.

"Rudisha ya kwanza," nikamwambia. Alikuwa ameifuta.

Nikatoa ile ya karatasi kutoka kwenye Biblia. Asubuhi yake, saa tatu, tuliiegemeza kwenye kiti mlangoni, nami nikashika bati.

"Mjomba, usitikisike."

"Mimi ndiye ninayepigwa?"

"Bati linatikisika."

Nikalishika kwa mikono miwili. Alipiga, akaikuza kwa vidole viwili hadi kidevuni, akanyamaza.

"Lilimpata wapi?"

"Mafuta ya moto. Kaa chini."