Pongwe: Chakula cha Ng'ombe Kisipotee Hewani

Ukitoka Tanga mjini kwa barabara ya Muheza, baada ya kilomita kama 15 utafika Pongwe. Njiani utaona minazi, miembe na mashamba ya muhogo. Utaona pia mkonge umesimama kwa mistari, kama askari kwenye gwaride. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 inapita huku kwenda Muheza na Korogwe. Chini ya udongo wa Pongwe kuna mawe ya chokaa. Kwa sababu ya mawe hayo, hapa kuna kiwanda kikubwa cha saruji.

Watu wengi wanaijua Pongwe kwa saruji na mkonge. Leo, ndugu msomaji, tuitazame Pongwe kwa majani yake. Majani hayo ndiyo chakula cha ng'ombe, na ng'ombe ndiye maziwa, samadi na fedha ya nyumbani.

MAJANI YA MASIKA NA MAJANI YA KIANGAZI

Nenda Pongwe mwezi wa Aprili, wakati wa masika. Kila mahali ni kijani. Kandokando ya barabara majani ni laini. Ukiyavunja, yanatoa maji. Ng'ombe wanakula upesi na kwenda kulala kivulini wakicheua. Jioni ndoo ya maziwa inajaa.

Nenda tena mwezi wa Februari, wakati upepo wa kaskazi unavuma na jua ni kali. Majani yapo, tena ni marefu kuliko mtu. Lakini yamekauka. Shina ni gumu kama ufito. Majani ya pembeni ni machache. Ng'ombe wanatafuna kutwa nzima, na jioni maziwa hayajazi hata kikombe kikubwa.

Mzee mmoja mfugaji, mwenye ng'ombe wa kienyeji wanaochungwa karibu na mashamba ya mkonge, aliniuliza hivi:

"Mwanangu, wewe ni mtu wa mifugo. Ng'ombe wangu wanarudi matumbo yamejaa. Majani si haya hapa? Basi maziwa yanakwenda wapi?"

Swali la mzee ni zuri sana. Jibu lake ni hili: sehemu ya chakula haikuvunjika tumboni, ikatoka kwenye mavi. Na sehemu nyingine imepotea hewani. Imetoka mdomoni mwa ng'ombe kama mbweu.

NDANI YA TUMBO LA NG'OMBE

Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne. Chumba cha kwanza ndicho kikubwa. Kwa ng'ombe mkubwa, chumba hicho huweza kubeba zaidi ya lita 100. Ni kama pipa lenye vuguvugu.

Ndani ya pipa hilo wanaishi vijidudu wengi mno, wasioonekana kwa macho. Usiwaogope. Hao ni wafanyakazi wa ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe hawezi kuyeyusha majani. Vijidudu ndio wanaoyavunja, na ng'ombe anapata nguvu kutokana na kazi yao.

Sasa tuangalie wanavunja nini. Katika majani kuna chakula cha kutia nguvu. Wataalamu hukiita kabohaidreti. Kipo cha namna tatu:

1. Sukari. Ipo zaidi katika majani machanga. Huyeyuka upesi.

2. Wanga. Upo zaidi katika punje za mahindi, pumba, viazi na muhogo.

3. Nyuzinyuzi. Hizi ndizo zinazolisimamisha jani na shina. Jani likizeeka, nyuzinyuzi huongezeka na kuwa ngumu kama kuni.

Vijidudu wanapovunja nyuzinyuzi, hubaki gesi nyingi inayoitwa haidrojeni. Kuna kundi jingine la vijidudu linalochukua gesi hiyo na kuigeuza kuwa gesi ya methani. Ng'ombe haitumii methani. Huitoa kwa mbweu. Zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za gesi hiyo hutoka mdomoni na puani, si nyuma kama watu wengi wanavyodhani.

Vijidudu wanapovunja wanga, mambo ni tofauti. Sehemu kubwa zaidi ya haidrojeni hutumika humo humo tumboni. Inasaidia kutengeneza asidi ambayo ini la ng'ombe huigeuza kuwa sukari. Na sukari hiyo ndiyo inayotumika kutengeneza maziwa. Kwa hiyo gesi inapungua na maziwa yanaongezeka.

Majani machanga pia yana faida yake. Huvunjika upesi na kupita upesi. Ng'ombe anapata nafasi ya kula tena. Majani makavu hukaa tumboni muda mrefu. Yanachukua nafasi, yanatoa gesi, na yanaacha nguvu kidogo.

GESI HII NI NINI?

Methani haina rangi wala harufu. Lakini inawaka moto. Ndiyo gesi inayowaka katika jiko la biogesi, linalotumia samadi. Huko Hale, njiani kwenda Korogwe, mabaki ya mkonge yamewahi kutumika kutengeneza gesi hiyo ili kuzalisha umeme.

Kitu kinachowaka kina nguvu ndani yake. Nguvu hiyo imetoka wapi? Imetoka katika majani uliyokata kwa jasho lako. Kwa ng'ombe anayekula majani, nguvu inayopotea kwa njia hii ni kama sehemu 6 au 7 katika kila sehemu 100 za chakula. Ni kama kujaza magunia 100 ya mahindi, kisha magunia 6 au 7 yakachukuliwa na upepo.

Kuna hasara ya pili. Methani ikifika hewani, inazuia joto la dunia lisitoke. Kilo moja ya methani hutia joto kama kilo 28 za hewa ya ukaa, ukihesabu kwa miaka 100. Na dunia ikizidi joto, mvua hubadilika. Nani anaumia kwanza? Ni mkulima na mfugaji anayetegemea masika na vuli.

Lakini tuseme kweli. Hewa ya ukaa iliyochafua dunia imetoka zaidi katika makaa ya mawe na mafuta yaliyochomwa na nchi tajiri. Mfugaji wa Pongwe mwenye ng'ombe wawili hakuleta balaa hili peke yake. Hatumwambii aache kufuga. Tunamwambia asikubali chakula cha ng'ombe wake kipotee bure. Akizuia hasara yake, amesaidia na hewa pia.

HESABU NDOGO

Chukua mfano wa ng'ombe wawili wa maziwa. Tukadirie kwamba kila kilo ya chakula kikavu hutoa gramu 20 za methani.

Ng'ombe wa kwanza anakula majani yaliyozeeka. Kwa siku anaweza kula kilo 8 tu za chakula kikavu. Anatoa gesi gramu 160. Anatoa maziwa lita 4. Gawanya: kila lita ya maziwa imegharimu gesi gramu 40.

Ng'ombe wa pili anakula majani machanga, majani ya jamii ya mikunde na pumba kidogo. Anakula kilo 12. Anatoa gesi gramu 240. Anatoa maziwa lita 10. Gawanya tena: kila lita imegharimu gesi gramu 24.

Umeona? Ng'ombe aliyeshiba vizuri anatoa gesi nyingi zaidi kwa siku, lakini kwa kila lita ya maziwa gesi ni kidogo. Tena nyumba ya ng'ombe wa pili ina lita 6 zaidi kila siku. Hizo ni sare za shule, sabuni, dawa na mafuta ya taa au umeme.

Watafiti nao wamepima jambo hili. Huko Nairobi, katika taasisi ya utafiti wa mifugo iitwayo ILRI, kuna kituo kinachoitwa Mazingira. Kina vyumba maalum ambamo ng'ombe hukaa na hewa anayoitoa hupimwa. Mwaka 2020 walitangaza matokeo ya kupima maksai wa Boran. Maksai walionyimwa chakula sana, chini kabisa ya mahitaji ya mwili, walitoa gesi nyingi zaidi kwa kila kilo ya chakula walichokula. Basi njaa ya ng'ombe ni hasara mara mbili.

MAMA MMOJA NA VIPANDE SABA

Tanga ni mkoa wa maziwa. Mwaka 1985 Tanzania na Uholanzi zilianza mradi wa kuwasaidia wafugaji wadogo wa hapa. Katika miaka ya 1990 wafugaji waliunda chama chao kikuu cha ushirika, na kiwanda cha maziwa cha Tanga Fresh kikaanzishwa. Karibu na mji wa Tanga kuna chuo cha mifugo cha Buhuri na kituo cha utafiti cha TALIRI. Kwa hiyo elimu ipo karibu. Kazi ni kuitumia.

Pongwe nilimkuta mama mmoja anayefuga ng'ombe wawili bandani. Amepanda mabingobingo nyuma ya nyumba. Shamba lake amelikata vipande saba. Kila wiki anavuna kipande kimoja. Akimaliza cha saba, cha kwanza kimekua tena kwa wiki saba, nacho ni laini bado.

Nilimwuliza, "Mama, kwa nini usiache yarefuke upate mzigo mkubwa?"

Alicheka, akasema, "Mzigo mkubwa wa vijiti? Ng'ombe anakula jani, vijiti ananiachia mwenyewe horini."

Maneno yake yana elimu kubwa. Mzigo mkubwa si lazima uwe chakula kikubwa.

MAMBO SITA YA KUFANYA

Kwanza, kata mabingobingo yakiwa na urefu wa kiuno hivi, karibu mita moja. Usiyaache yawe marefu kuliko wewe. Acha kisiki kifupi ili yachipue.

Pili, yakatekate vipande vidogo kabla ya kuyatia horini. Ng'ombe atakula zaidi na kubagua kidogo.

Tatu, changanya na majani ya lukina au glirisidia. Majani haya yana protini. Vijidudu wa tumboni wanaihitaji protini ili wavunje nyuzinyuzi vizuri. Lakini lukina isizidi theluthi moja ya chakula, maana ina sumu kidogo. Mizigo miwili ya majani, mzigo mmoja wa lukina, inatosha.

Nne, mpe ng'ombe anayekamuliwa pumba ya mahindi. Kilo moja asubuhi na kilo moja jioni ni mwanzo mzuri. Maganda ya muhogo pia yana wanga. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa, kwa sababu maganda mabichi yana sumu. Usizidishe pumba wala maganda ghafla. Wanga ukizidi, tumbo huchacha na ng'ombe huugua.

Tano, weka akiba. Masika yanapokwisha, kata majani yanapoanza kutoa maua. Yaanike siku mbili au tatu, ukiyageuza. Kisha yafunge na kuyaweka mahali pakavu penye kivuli. Majani makavu mazuri yana rangi ya kijani na harufu nzuri. Yakiwa na rangi ya udongo, umechelewa.

Sita, mpe maji ya kutosha siku nzima. Bila maji, hata majani mazuri hayaliwi vizuri.

KWA WANAOCHUNGA

Wapo watakaosema, "Hayo ni ya ng'ombe wa bandani. Sisi wa kuchunga tufanyeje?"

Nanyi mnaweza. Msichunge mahali pamoja kutwa kucha. Gawanyeni malisho, mlishe sehemu moja huku nyingine ikichipua. Tengeni eneo la akiba, kama Wasukuma wanavyotenga ngitili. Lakini msilichelewe eneo hilo mpaka majani yageuke kuni. Liingieni mapema kiangazi, na ng'ombe wanaonyonyesha watangulie.

Jioni, wakirudi, wapeni wenye ndama majani ya lukina zizini. Na ng'ombe tasa au mzee asiyezaa tena, fikirini kumwuza kabla ya kiangazi, wakati bado ana mwili. Anakula majani ya wenzake na kutoa mbweu bila ndama wala maziwa.

Najua kwamba ng'ombe ni benki ya mfugaji. Hakuna anayependa kupunguza benki yake. Lakini ng'ombe akikonda kiangazi, benki hiyo inapungua yenyewe, na hakuna anayekupa riba.

Ndugu msomaji, kesho asubuhi fanya jambo moja dogo. Kabla ya kuweka majani mapya, angalia horini. Kama yamebaki mashina magumu matupu, ujue majani yako yamezeeka. Sogeza siku ya kukata nyuma kwa wiki moja au mbili, kisha upime maziwa kwa chombo kile kile kila siku. Andika idadi ya lita kwenye daftari. Sasa unajua kusoma na kuandika, kwa hiyo daftari lako litakuonyesha kama maziwa yameongezeka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kijijini kwenu, majani huanza kukauka mwezi gani?

2. Ni majani gani ya jamii ya mikunde yanayopatikana karibu nanyi?

3. Ng'ombe akishiba majani makavu, kwa nini maziwa hayaongezeki?